Kufunga Alamu ya Nyumba Mombasa Isiyolia Ovyo: Mwongozo Kamili wa Vifaa na Hatua

Alamu nyingi za nyumba hapa Mombasa zimezimwa na wenyewe. Ililia usiku wa manane bila mtu kuingia, majirani wakatoka. Ikalia tena, wakachungulia dirishani. Mara ya tatu hakuna aliyejisumbua, na mwenye nyumba naye akaichomoa. Wengine alamu yao haikuwahi kusumbua, lakini usiku ule stima ilipopotea na mwizi akaingia uani, haikulia kabisa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufunga mwenyewe, na pia wa anayemwita fundi lakini anataka kujua anachofanyiwa. Maswali yanayokuja ni yale yale, na karibu yote yanarudi kwenye mambo manne: sensa (kifaa kinachohisi mlango ukifunguliwa au mtu akipita) imewekwa mahali pabaya, nyaya zimeungwa ovyo, betri imechoka, au laini ya simu imekufa bila mtu kujua. Paneli ya bei ghali haiponyi hata moja kati ya hayo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoboa ukuta

Paneli kuu. Ni sanduku linalopokea taarifa kutoka kwa sensa zote na kuamua kulia au kutolia. Chukua yenye zoni zisizopungua nane hata kama leo una milango mitatu tu. Zoni ni njia moja ya waya ambayo paneli inaitambua peke yake, na ukiwa na zoni za kutosha paneli itakuambia ni mlango gani ulioguswa.

Kipadi. Kile kibao cha namba cha kuwashia na kuzimia. Kinakaa ndani, karibu na mlango mnaoutumia.

Transfoma na betri. Transfoma hushusha stima ya volti 240 hadi kiwango kilichoandikwa kwenye paneli yako. Betri ni ile iliyozibwa ya volti 12, saa-ampia 7.

Sensa za milango na madirisha. Vipande viwili: kimoja kina sumaku, kingine kina swichi ndogo ndani ya kioo inayojifunga sumaku ikiwa karibu. Kwa milango ya chuma na grili nunua zile kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma. Zile ndogo za plastiki zinafaa mbao na aluminiamu, lakini kwenye chuma nguvu ya sumaku humezwa na mlango wenyewe.

Sensa za mwendo. Uliza yenye kujirekebisha kulingana na joto. Sababu utaiona kwenye hatua ya tano.

Ving'ora viwili. Kimoja cha nje chenye taa ya kumweka na sanduku lisiloingia maji, kimoja cha ndani.

Kifaa cha simu kinachotiwa laini ili kikutumie ujumbe alamu ikilia, kama hakijajengwa ndani ya paneli. Ongeza kitufe cha dharura kimoja au viwili.

Waya wa alamu wenye nyuzi sita, shaba tupu. Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Omba kipande dukani, menya ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, uache. Upinzani wake ni mkubwa zaidi, unakatika ukikunjwa, na kwenye hewa yetu ya chumvi maungio yake hugeuka unga.

Rizista (vipande vidogo vya kuongeza upinzani kwenye waya; kazi yake utaiona hatua ya saba) za thamani iliyoandikwa kwenye kijitabu cha paneli. Mara nyingi ni ohm 1,000, 2,200 au 4,700. Usibahatishe.

Vitu vidogo: skrubu za chuma kisichoshika kutu, plagi za plastiki za ukutani, mifereji ya plastiki ya kupitishia nyaya, silikoni, mipira ya kufunikia maungio inayosinyaa ikipashwa moto, na kinga ya stima kama ile ya friji.

Zana: drili, bisibisi, koleo ya kumenyea waya, chuma cha kulehemu, ngazi, na multimita, kile kifaa cha kupimia volti na ohm. Usikubali kazi ifanywe bila multimita. Fundi anayepima kwa kugusisha nyaya na kusikiliza kama italia anakuachia matatizo ya mwaka mzima.

### Ya waya au isiyo na waya?

Ukiwa mpangaji kwenye fleti ya Tudor au Bamburi, chukua isiyo na waya. Hutatoboa ukuta wa mwenye nyumba, na ukihama unahama nayo. Ukiwa kwako, au unajenga, weka ya waya. Betri ndogo ndani ya kila sensa isiyo na waya zinahitaji kubadilishwa, na sahau yake ni hatari. Nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za matumbawe na chokaa pia huyanyonya mawimbi. Sensa inayofanya kazi vizuri mezani inaweza isisikike kabisa kutoka chumba cha nyuma. Ukilazimika, jaribu kila sensa mahali pake kabla ya kuibandika.

### Usalama na ruhusa

Kazi ya upande wa volti 240 mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta. Upande wa volti 12 hauui, na huo unaweza kuufanya mwenyewe. Ukiajiri kampuni, uliza usajili wake: Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016 inataka watoa huduma za ulinzi wasajiliwe. Na kama nyumba yako ni ya Mji wa Kale, eneo lile ni la hifadhi. Kabla ya kutoboa mlango wa nakshi au ukuta wa mbele, pitia kwanza kwa ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa.

## Hatua ya 1: Chora nyumba na ugawe zoni

Chukua karatasi, chora kila chumba, mlango na dirisha. Kisha jiulize: mimi ningekuwa nje bila ufunguo, ningeingilia wapi? Kwa nyumba nyingi jibu ni mlango wa uani, dirisha la jikoni au la msala lisilo na grili, na roshani inayofikika kutoka kwa ukuta wa jirani.

Gawa hivi: mlango wa mbele zoni yake, mlango wa uani zoni yake, roshani zoni yake, sensa ya sebuleni zoni yake, ya ujia wa vyumbani zoni yake. Madirisha ya upande mmoja yanaweza kuchangia moja. Vitufe vya dharura na sensa ya moshi huwekwa kwenye zoni za saa 24, yaani zinafanya kazi hata alamu ikiwa imezimwa. Sensa ya moshi usiiweke jikoni penye mkaango wa viazi karai. Huko weka ya joto.

Kwa nini: alamu ikilia saa tisa usiku, kipadi kikikuonyesha "zoni 2" unajua ni uani, na unajua usiende wapi.

Imefaulu ikiwa: unaweza kumwonyesha mtu mwingine wa nyumbani ile karatasi na akakuambia bila kusita namba gani ni mlango gani. Bandika nakala ndani ya mlango wa kabati lenye paneli.

## Hatua ya 2: Weka paneli mahali penye ubaridi na pa siri

Kabati la chumba cha kulala linafaa. Dari chini ya mabati halifai hata kidogo, na huko ndiko mafundi wengi hupenda kuificha. Mchana wa kaskazi joto la darini huzidi sana la chumbani, na betri ndiyo inayoumia kwanza. Kanuni inayojulikana ya betri hizi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu.

Paneli iwe ndani ya eneo linalolindwa na sensa, ili mtu asiifikie kabla haijalia. Usiichomeke kwenye soketi iliyo wazi. Mwambie fundi wa stima aiunge kwenye njia yake yenye fyuzi, na kinga ya stima iwe katikati. Stima inaporudi baada ya kupotea, huja na mshtuko, na paneli isiyo na kinga ndiyo hulipa.

Kipadi kisionekane kutoka dirishani. Mtu aliyesimama barazani asiweze kuona vidole vyako wala taa ya kijani.

## Hatua ya 3: Pitisha nyaya

Kila sensa ipate waya wake mpaka kwenye paneli. Usiziunganishe njiani kama nyaya za taa za arusi. Ungio moja lililofichwa ukutani likishika kutu litakugharimu kutafuta siku nzima.

Nyaya za alamu zikae mbali na za stima, angalau sentimita 30 zinapokwenda sambamba. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Sababu ni kwamba waya wa stima huingiza mtetemo kwenye waya mwembamba ulio karibu, na paneli inaweza kuusoma kama sensa iliyoguswa. Feni ikiwashwa, alamu inalia, na hakuna anayejua kwa nini.

Kwenye kuta za matumbawe tumia drili bila kupiga nyundo, polepole. Jiwe lina mashimo ndani, na plagi ya kawaida huzunguka bila kushika. Toboa ndani zaidi, tumia plagi ndefu, na kama bado inalegea jaza tundu kwa simenti, usubiri ikauke, utoboe upya.

Ungio lisiloepukika lilehemu, kisha lifunike kwa mpira unaosinyaa. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakutoshi hapa pwani. Ukifungua ungio la namna hiyo kwenye nyumba iliyotazama bahari Nyali au Shanzu, utaona gundi ya tepu imeyeyuka kama asali, na shaba chini yake imeota unga wa kijani. Waya unaonekana mzima, lakini unapitisha na kukata unavyotaka.

Imefaulu ikiwa: kila waya umeandikwa namba ya zoni pande zote mbili, na multimita haionyeshi mguso wowote kati ya uzi na uzi.

## Hatua ya 4: Sensa za milango

Kipande chenye waya kinakaa kwenye fremu, chenye sumaku kinakaa kwenye mlango, upande unaofunguka, mbali na bawaba. Ukikiweka karibu na bawaba, mlango unaweza kufunguka kiasi cha mtu kupita na sumaku bado haijaachana.

Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 kati ya vipande. Usitumie kikomo chote kilichoandikwa kwenye pakiti. Mlango wa mbao huvimba wakati wa mvua za masika na kusinyaa jua la kaskazi linapokaa. Sensa iliyowekwa kwenye ukingo wa uwezo wake mwezi wa tano italia yenyewe mwezi wa pili.

Mlango wa mabawa mawili upewe sensa kwenye kila bawa, juu, upande wa ndani, mbali na nakshi. Wengi huweka kwenye bawa moja kwa kuwa lile jingine "hufungwa daima". Komeo la bawa hilo ndilo mwizi hulijaribu.

Mlango unaogongagonga kwa upepo utengenezwe kwanza. Hakuna sensa itakayovumilia komeo lililolegea.

Imefaulu ikiwa: mlango ukifungwa multimita inasoma karibu sifuri, ukifunguliwa kiasi cha ngumi inaonyesha sakiti imekatika, na ukiutikisa kwa nguvu ukiwa umefungwa usomaji hautetereki.

## Hatua ya 5: Sensa za mwendo, chanzo cha makelele mengi

Sensa hii haioni mwendo kama kamera inavyoona. Inapokea joto linalotoka kwenye vitu na kulinganisha: kitu chenye joto tofauti na ukuta kikikatiza mbele yake, inatoa taarifa. Ukishika hilo, sheria zote zinazofuata zinaeleweka.

Mahali pake. Kona ya chumba, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, ikitazama sehemu ambayo mtu *atakatiza* mbele yake. Mtu anayekuja moja kwa moja kuelekea sensa huonekana kwa shida zaidi kuliko anayepita kando.

Isitazame: dirisha linaloingiza jua, pazia, mlango wa friji, wala mdomo wa eisi. Tatizo la pazia na feni ni la kwetu hasa. Stima inapotea usiku, mtu anasahau swichi ya feni ikiwa imewashwa, familia inaondoka asubuhi na kuwasha alamu. Adhuhuri stima inarudi, feni inaanza kuzunguka, pazia lililopigwa na jua linapepea mbele ya sensa, na mtaa mzima unasikia. Zima feni zote kabla ya kutoka.

Joto la Mombasa. Ngozi ya mtu ina nyuzi joto 33 au 34 hivi. Nyumba iliyofungwa mchana wa Februari inaweza kufika hapo hapo. Ukuta na mtu wakiwa na joto moja, sensa ya kawaida haimwoni mtu, au inamwona akiwa karibu sana. Ile yenye kujirekebisha huongeza makali yake joto linapopanda, na ndiyo sababu nilikuambia uiulizie. Kuna pia sensa za aina mbili kwa pamoja, joto na mawimbi ya redio, ambazo hazitoi taarifa mpaka pande zote mbili zikubaliane. Hizo ni nzuri kwa kupunguza kulia ovyo, lakini haziponyi upofu wa joto, kwa sababu upande wa joto ukinyamaza zote zimenyamaza. Zaidi ya hapo mawimbi hupenya kioo na ukuta mwembamba wa mbao, kwa hivyo punguza masafa yake mpaka yaishie ndani ya chumba.

Ndiyo maana sensa za milango ziwe ngao ya kwanza, na za mwendo ziwe za pili. Nyumba inayotegemea sensa moja ya sebuleni pekee haijalindwa mchana wa kaskazi.

Mjusi. Mjusi kafiri akitembea juu ya uso wa sensa, kwake ni sawa na mtu mkubwa anayepita chumbani, kwa sababu yuko sentimita mbili tu. Fungua sensa iliyokaa mwaka mmoja bila kuzibwa: utakuta vinyesi vyeusi vyenye ncha nyeupe, maganda mawili matatu ya mayai, pengine na sisimizi waliojenga kwenye bodi. Wote wameingilia tundu la waya nyuma. Ziba tundu hilo kwa silikoni, ziba na upenyo kati ya sensa na ukuta. Dawa ya wadudu pulizia ukutani tu; kwenye kioo cha plastiki cha mbele inaweza kukiharibu.

Paka. Sensa inayovumilia wanyama huvumilia aliye sakafuni. Paka anayeruka juu ya kabati amepanda hadi kimo cha mtu. Kama paka wako hulala sebuleni, usiweke sensa ya mwendo sebuleni, weka za milango.

Imefaulu ikiwa: unatembea chumba kizima ukiwa kwenye hali ya majaribio, saa nane mchana, madirisha yamefungwa, na taa ya sensa inawaka kabla hujapiga hatua nne. Jaribio la usiku pekee halikuambii kitu.

## Hatua ya 6: Ving'ora

Cha nje kiwe juu, mita 3 au zaidi, kinapoonekana kutoka barabarani lakini kisipofikika bila ngazi. Waya wake utokee ukutani nyuma ya sanduku moja kwa moja. Waya unaoning'inia nje hukatwa kwanza. Unganisha swichi yake ya kujilinda, ile inayotoa taarifa sanduku likifunguliwa au kung'olewa, kwenye zoni ya saa 24.

Tundu la waya lipige mteremko kuelekea nje ili maji ya mvua yasifuate waya mpaka ndani. Ziba juu na kando kwa silikoni, chini acha upenyo mdogo wa kutoa unyevu.

Cha ndani kiweke ujiani, mbali na paneli. Kazi yake ni kumfanya aliyeingia ashindwe kufikiri, na kumpeleka mbali na paneli, si kwenye paneli.

Weka muda wa kulia dakika 3 hadi 5, kisha kinyamaze na mfumo ubaki umewashwa. King'ora kinacholia saa nzima kinakugombanisha na watu unaotaka waje kukusaidia.

## Hatua ya 7: Kuunganisha kwenye paneli, na mahali pa rizista

Stima iwe imezimwa na betri haijaungwa.

Sensa ziungwe kwa njia ambayo sakiti *hufunga* wakati kila kitu kiko salama. Mlango ukifunguliwa sakiti inakatika; waya ukikatwa pia inakatika. Kwa vyovyote alamu inalia. Ukiunga kinyume chake, mwizi akikata waya mfumo haujui.

Sasa rizista. Kazi yake ni kuiwezesha paneli kujua kama kuna mtu amegusisha nyaya mbili pamoja ili kuificha sensa. Paneli inatarajia kusoma, tuseme, ohm 2,200. Ikisoma sifuri inajua waya umechezewa. Ikisoma hakuna, inajua mlango umefunguliwa au waya umekatwa.

Onyo: rizista hukaa ndani ya sensa, mwisho kabisa wa waya. Fundi mvivu huziweka zote ndani ya sanduku la paneli kwa kuwa ni rahisi. Paneli itaonyesha kila kitu ni kizuri, na ulinzi wote dhidi ya kuchezewa waya utakuwa umekwenda. Mwambie waziwazi: "Fundi, tafadhali nifungulie sensa hii niione rizista." Kama iko kwenye paneli, haijamaliza kazi. Na kama sensa kadhaa ziko zoni moja, rizista ni moja, kwenye ile ya mwisho.

Imefaulu ikiwa: ukiwa kwenye paneli, waya wa zoni ukiwa haujafungwa bado, multimita inasoma karibu thamani ya rizista mlango ukifungwa. Ongezeko la ohm chache ni la urefu wa waya. Usomaji unaopanda na kushuka ni ungio bovu. Rudi ulitafute sasa.

## Hatua ya 8: Betri, na hesabu ya saa za giza

Jumlisha kinachotumiwa wakati wa utulivu. Mfano wa nyumba ya kawaida: paneli miliampia 100, sensa nne za mwendo miliampia 15 kila moja, kipadi 40, kifaa cha simu 50. Jumla ni 250, yaani robo ampia. Soma namba halisi kwenye vijitabu vya vifaa vyako.

Betri ya saa-ampia 7 ukigawa kwa robo unapata saa 28. Usizihesabu zote. Betri inazeeka, na lazima ibaki nguvu ya kulisha ving'ora. Chukua theluthi mbili, saa 18 hivi. Kama mtaa wenu stima hupotea siku nzima na usiku wake, weka betri kubwa zaidi ambayo paneli yako inaruhusiwa kuichaji.

Unga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kisha washa stima. Baada ya saa kadhaa pima kwenye betri: volti 13.5 hadi 13.8 ni chaji nzuri. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri yenyewe. Pakiti inaweza kuahidi miaka mitano. Hapa pwani panga kuibadilisha baada ya miwili.

Imefaulu ikiwa: umezima stima ya paneli asubuhi, ukaiacha mpaka magharibi, kisha ukaliza ving'ora, na betri haikushuka chini ya volti 11.5 vikilia.

## Hatua ya 9: Laini ya simu na programu

Tia laini kwenye simu yako kwanza. Ondoa namba ya siri ya laini, piga simu, tuma ujumbe. Laini yenye namba ya siri ndani ya kifaa cha alamu ni laini iliyokufa. Isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, na antena ikae nje ya sanduku la chuma.

Andika namba za wapokeaji zikianza na +254. Wa kwanza awe jirani anayeweza kufika mlangoni kwako kwa miguu, baada ya kukubaliana naye uso kwa uso atafanya nini: atazame kutoka mbali, apige simu, asiingie. Kaka yako aliye Nairobi awe wa tatu. Polisi hupigiwa na mtu, kwa 999 au 112, si na mashine.

Tia salio kila mwezi na ipigishe simu moja. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Muda wa kutoka uwe sekunde 45 hadi 60. Wa kuingia 20 hadi 30. Kisha panga hali ya usiku, ambayo huacha sensa za vyumbani zikilala na za milango zikiwa macho. Kwa nyumba za kwetu usisahau alfajiri: mzee anaamka kwenda msikitini, anafungua mlango, king'ora kinaamsha mtaa. Mlango wa mbele uwekewe muda wa kuingia na kutoka hata kwenye hali ya usiku, na kila anayetoka alfajiri awe na namba yake ya kipadi. Ramadhani, wakati wa daku, ukumbushe watu wote tena.

## Hatua ya 10: Jaribu kila kitu, mtu mmoja mmoja

Waarifu majirani. Kisha fungua kila mlango na dirisha, moja moja, mwingine akisoma kipadi. Namba ilingane na karatasi ya hatua ya kwanza. Bonyeza vitufe vya dharura. Fungua kifuniko cha king'ora cha nje. Rudia lote stima ikiwa imezimwa.

Halafu mpe kipadi kila mtu wa nyumba, hata bibi, awashe na kuzima mwenyewe mpaka mkono uzoee. Mtu aliyeonyeshwa tu, siku king'ora kikilia atatetemeka na kusahau namba.

## Ikilia bila sababu

Usiizime yote. Soma kwanza kipadi: zoni gani? Kisha itenge hiyo moja, nyumba iendelee kulindwa.

Zoni ya mlango: tazama nafasi ya sumaku, komeo, na kutu kwenye skrubu za waya. Zoni ya mwendo: fungua, tafuta mjusi, safisha kioo kwa kitambaa kikavu, angalia kama mtu amehamisha pazia au kabati. Kama ni zoni tofauti tofauti kila mara, acha sensa, pima betri. Betri iliyochoka huyumbisha volti za mfumo mzima, hasa stima inapokatika na kurudi.

## Kila mwezi, na kila mtu anapoondoka

Mara moja kwa mwezi liza ving'ora kwa sekunde chache na uangalie kama ujumbe umefika kwenye simu. Kabla ya mvua za masika na kabla ya kaskazi, fungua sanduku la nje, kagua kutu, ziba upya palipopasuka.

Kabla fundi hajapanda tuktuk yake, badilisha mbele yake ile namba ya fundi iliyokuja na paneli kutoka kiwandani, kwa sababu imechapishwa kwenye kijitabu na mtu yeyote anaweza kuisoma. Na mfanyakazi wa nyumbani au mpangaji anapoondoka, hata mkiachana kwa wema, futa namba yake ya kipadi jioni hiyo hiyo.